UZI: Salfa iliyookoa mikorosho yetu, na udongo ambao hakuna anayeupima

Wanajamvi, salaam.

Uchafuzi wa mazingira katika mikoa yetu ya kusini una waandishi wake, lakini waandishi hao wamezoea kusimama mahali palepale. Husimama bandarini Mtwara, yanakofikia malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Husimama Madimba penye mtambo wa gesi. Husimama ufukweni kwenye matumbawe yaliyovunjwa na baruti za wavuvi. Siwalaumu, kwa kuwa mambo hayo ni ya kweli, na bandari mpya ya Kisiwa Mgao imekusudiwa kupokea mizigo michafu, makaa ya mawe yakiwemo, ili yaondoke katikati ya mji. Lakini liko jambo jingine linalochukua eneo kubwa kuliko hayo yote, lenye umri wa miaka 40 na zaidi, na ambalo kwa kuwa linatuletea fedha hatujawahi kuliita uchafuzi. Jambo hilo ni salfa, unga tunaoupuliza kwenye mikorosho.

Nisieleweke vibaya tangu mwanzo. Bila salfa, wengi wetu tunaosoma uzi huu tusingesoma shule. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, kisha mavuno yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi: Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei za mkulima zikawa duni, mashamba yakageuka vichaka. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ulianza kuripotiwa kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliyewahi kuona shada la maua ya mkorosho lililoshikwa na ubwiriunga hahitaji maelezo: unga mweupe wa ukungu hufunika machipukizi na maua, maua hukauka yakiwa bado yamefumba, na mti mzima huonekana kama uliounguzwa. Shamba la ekari kumi laweza kukosa hata debe moja la maana.

Kituo cha Utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilitafuta dawa, na dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: unga wa kiberiti, yaani salfa, upulizwe kwenye mti kwa mashine wakati wa kuchanua. Mavuno yakarudi polepole katika miaka ya 1990, yakafika tani 313,000 katika msimu wa 2017/18, na katika msimu wa 2024/25 yakapita tani 500,000. Mtu anayetaka kuikosoa salfa bila kuanza na takwimu hizo hawatendei haki wakulima.

Sasa naomba tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ndani ya kazi hiyo ndimo lilimo tatizo.

Mpulizaji huamka kabla ya alfajiri. Lazima afanye hivyo, kwa maana salfa inahitaji mambo mawili ambayo hupatikana pamoja saa hizo tu: umande wa kuushika unga juu ya majani na maua, na utulivu wa hewa. Kipindi cha kupuliza, yaani Juni hadi Septemba, ndicho kipindi cha kusi, na jua likishapanda kusi huanza kuvuma juu ya uwanda wa Makonde bila kizuizi. Mashine hubebwa mgongoni. Ina injini ndogo inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, ina tangi la unga juu yake, na ina bomba pana ambalo mpulizaji hulielekeza juu kwenye matawi. Akikanyaga kuni kavu hawezi kusikia, kwa sababu mngurumo wa injini uko sentimita chache nyuma ya masikio yake. Anapofungua koki, wingu la njano hafifu hupanda ndani ya mti, likatokea upande wa pili, likasimama hewani kwa muda, kisha likaanza kushuka. Linamshukia yeye kwanza. Wapulizaji wengi niliowaona Tandahimba na Newala hujifunga kipande cha kanga puani, na wachache wana barakoa; miwani ya kukinga macho ni adimu zaidi. Kufikia saa mbili asubuhi kope zao zimekuwa za njano, macho mekundu, na kikohozi kinawashika kila wanaposimama kuongeza unga. Wakiona jasho limeanza kutiririka huacha kufuta uso kwa mkono, maana mkono nao una salfa na ukigusa jicho huwasha mpaka jioni.

Kitaalamu salfa si sumu kali. Haimuui mtu kama baadhi ya viuatilifu vya wadudu vinavyoweza kumuua, na katika kilimo hai inaruhusiwa kutumika. Inawasha macho, ngozi na njia ya hewa, na mwenye pumu hapaswi kabisa kuikaribia. Ukweli huo umetufanya tulegee. Tumeliuliza swali moja tu, kama inamuua mtu, na baada ya kujibiwa kwamba haiui tukaacha kuuliza inakokwenda.

Inakwenda chini.

Ushauri uliotolewa kwa wakulima kwa miaka mingi ni robo kilo ya salfa kwa mti mmoja kwa pulizo moja, na mapulizo kama matano kwa msimu, kila baada ya wiki mbili. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti kwa mwaka. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huwa 28 hivi katika ekari, kwa hiyo ekari moja hupokea kilo 35 kila mwaka. Mkulima aliyepuliza shamba hilohilo kwa miaka 30 bila kukosa amemimina juu yake zaidi ya tani moja ya salfa. Kiasi fulani hupeperushwa na upepo kwenda kwa jirani, lakini jirani naye anapuliza na wa kwake unga huvuka mpaka kurudi, na kwa uwanda mzima hesabu haibadiliki sana.

Salfa ikifika ardhini haikai ilivyo. Mvua zikianza Novemba au Desemba na udongo ukilowa, wako bakteria ambao kazi yao katika maumbile ni kuiunguza salfa kwa oksijeni ili wapate nguvu ya kuishi, na kinachobaki baada ya kazi yao ni asidi ya salfa, asidi ileile ambayo mafundi huitia kwenye betri za magari. Mkemia yeyote atawaambia kwamba kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi, itahitaji kilo tatu hivi za chokaa safi ili asidi hiyo izimwe. Tukirudi kwenye ekari yetu, kilo 35 za salfa za kila mwaka zinadai zaidi ya kilo 100 za chokaa kila mwaka. Naomba kila mmoja ajiulize ni lini mara ya mwisho alimwona mkulima wa korosho akimwaga chokaa shambani. Mimi sijamwona.

Udongo mwingine ungestahimili. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni una uwezo wa kuinyonya asidi kwa muda mrefu kabla haujabadilika. Udongo wa uwanda wa Makonde, ambao ndio ulio chini ya mikorosho mingi, ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu, uliooshwa na mvua za karne nyingi, wenye mboji kidogo na chumvichumvi kidogo za kulisha mimea. Hauna cha kuizuia asidi. Kalisi, magnesi na potasi, ambazo ni chakula cha mimea, huachia chembe za mchanga na kushuka na maji hadi mahali ambapo mizizi ya mazao mafupi haifiki. Udongo ukizidi kuchachuka, aluminiamu iliyokuwa imefungwa ndani ya madini huanza kuyeyuka, na aluminiamu iliyoyeyuka huviza mizizi. Watafiti wa hapa wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba udongo uliopulizwa salfa ulikuwa umeanza kuchachuka. Hiyo ilikuwa wakati ambapo mashamba mengi yalikuwa na miaka kumi tu ya kupulizwa. Tangu wakati huo imepita miaka mingine 30, na katika misimu ya karibuni pembejeo zimegawiwa kwa ruzuku na kuwafikia wakulima wengi zaidi kuliko wakati wowote wa nyuma.

Mkorosho wenyewe hausemi kitu, kwa sababu ni mti unaovumilia uchachu na mizizi yake huenda mbali. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mkorosho ukizaa tunadhani shamba ni zima, lakini shamba la mkulima mdogo wa kusini si mikorosho peke yake. Chini yake na katikati yake kuna mihogo, karanga, njugu mawe, choroko, kunde, mbaazi na mahindi kidogo. Muhogo nao ni mvumilivu. Wasiovumilia ni jamii ya kunde na mahindi, yaani chakula cha watoto, na zaidi ya yote karanga, ambazo huhitaji kalisi ya kutosha kwenye udongo palepale ganda linapojengeka. Kalisi ikipungua, ganda linakua vizuri kwa nje na ndani hakuna kitu. Mama mmoja wa kijiji cha Newala alinionyesha ungo wa karanga alizozing'oa kwenye mstari wa kati ya mikorosho, akawa anayavunja maganda moja baada ya jingine mbele yangu, matatu matupu kisha moja lenye punje iliyosinyaa, akanieleza kwamba kwao wanalaumu mbegu. Huenda mbegu nayo ni mbovu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumletea mama huyo kipimo cha udongo.

Kisha kuna maji, na hapa naomba wenye nyumba juu ya uwanda waniwie radhi kwa kuingia hadi uani kwao. Uwanda wa Makonde hauna mito wala vijito juu yake. Mvua ikinyesha huzama mchangani moja kwa moja na kutokea chini ya miteremko kama chemchemi, na ndiyo maana tangu enzi za mababu wanawake wameteremka mabonde kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umepunguza adha hiyo lakini haujaimaliza. Kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima cha mvua kilichochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji, na paa la bati ndilo linalokilisha. Sasa angalieni mpangilio wa miezi. Salfa inapulizwa Juni hadi Septemba, mikorosho mara nyingi imezunguka nyumba, unga unatua juu ya bati miezi yote hiyo ya kiangazi pamoja na juu ya makopa ya muhogo yaliyoanikwa, na mvua ya kwanza ya Novemba inaosha paa lote na kuingiza kisimani. Nilipochungulia kisima kimoja cha aina hiyo baada ya mvua za mwanzo niliona ukanda wa njano umejichora ukutani pale maji yalipofikia. Mwenye kisima, mzee mwenye heshima zake, alinifafanulia kwamba familia yake huyaacha maji yatulie siku kadhaa kabla ya kuyachota. Kutulia kunasaidia, kwa kuwa salfa haiyeyuki kwa urahisi na hutua chini. Kumwaga maji ya mvua mbili za kwanza yasiingie kisimani kabisa kungesaidia zaidi, lakini kumwambia mtu wa Tandahimba amwage maji ya mvua ni kumwomba jambo zito sana.

Kitu cha mwisho ninachotaka kukileta katika sehemu hii ya kwanza ni mahali salfa inakotoka, kwani hapo niliposoma nilishtuka. Zamani salfa ilichimbwa kama madini. Leo sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani ni masalia ya usafishaji wa mafuta na gesi. Nchi tajiri ziligundua kwamba mafuta yenye salfa yakiunguzwa hutoa hewa inayogeuka asidi mawinguni, mvua ya asidi ikaua samaki katika maziwa yao na kudhoofisha misitu yao, wakatunga sheria za kuilazimisha salfa itolewe kwenye mafuta kabla hayajauzwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 hata meli za baharini zimewekewa ukomo: salfa katika mafuta yake isizidi asilimia 0.5, kutoka asilimia 3.5 ya awali. Salfa hiyo iliyotolewa ili hewa na udongo wa watu wengine viwe salama ndiyo inayorundikana, inayouzwa, na inayopakiwa kwenye mifuko ya kilo 25 kuja kwetu. Njia ni tofauti, maana kule ilikuwa moshi na hapa ni unga, lakini mwisho wa njia zote mbili ni asidi ileile ndani ya udongo. Meli inayotuletea salfa imekatazwa kisheria kuitawanya salfa nyingi hewani inapokuja, na shehena yake ikishashushwa tunaitawanya sisi wenyewe, ekari baada ya ekari.

Nakaribisha michango.

JIBU KUTOKA TANDAHIMBA

Ndugu mwanzisha uzi, nimeusoma uzi wako wote na nakushukuru kwa adabu uliyoandika nayo, kwa sababu wengi wanaokuja na habari za mazingira huja kutufundisha kama vile sisi hatujui mashamba yetu. Mimi napuliza tangu nikiwa kijana, na baba yangu alipuliza kabla yangu. Ninalotaka kulisema ni kwamba wanaotuambia tuache dawa ya unga, yaani salfa, tutumie dawa ya maji, yaani dawa ya ukungu inayochanganywa na maji, wanasahau maji yenyewe. Dawa ya maji ni nzuri, inashika vizuri, haimchoshi mtu mapafu, na mapulizo yake ni machache. Lakini mikorosho mia mbili inahitaji mapipa ya maji, na huku kwetu Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo maji ya kisimani yameanza kuisha na ndoo inanunuliwa. Nikiyamimina maji kwenye mikorosho, mke wangu atapikia nini? Salfa haihitaji hata tone. Ndiyo maana tunaing'ang'ania, wala si kwa ujinga.

Pia ubwiriunga hausubiri. Ukichelewa wiki moja baada ya maua kuanza kutoka, msimu umekwenda, na ada ya mtoto imekwenda. Hatuwezi kuiacha salfa kwa sababu ya udongo wa miaka 20 ijayo wakati mnada ni Oktoba hii.

MWANZISHA UZI

Kaka yangu wa Tandahimba, umelitaja jambo ambalo sikuligusa, na nakiri kwamba ndilo kiini. Dawa ya unga ilishinda juu ya uwanda kwa sababu ya ukame wa uwanda wenyewe. Kwa hiyo sisemi salfa iachwe msimu huu wala ujao. Ninasema kwamba kila mfuko wa salfa unaoshushwa kijijini unakuja na deni ambalo halijaandikwa popote, na deni hilo linalipwa na shamba lako.

Yapo mambo matatu ambayo yanaweza kulipunguza bila kukunyang'anya mnada wako. La kwanza unalijua kuliko mimi: kupogolea na kuondoa machipukizi yanayotoka nje ya msimu ndani ya mti, kwa kuwa ukungu wa ubwiriunga hujificha kwenye majani machanga hayo kabla ya msimu wa maua, kisha hupanda kwenye maua yanapotoka. Shamba lililosafishwa kabla ya Juni huanza msimu na ugonjwa mchache, na hapo pulizo moja au mawili huweza kupungua. La pili ni aina za mikorosho. Naliendele wamezalisha aina bora kwa miaka mingi, na baadhi zinaustahimili ubwiriunga kuliko mikorosho ya mbegu ya kienyeji. Anayefufua shamba kuukuu kwa kubebesha au kwa miche mipya achague kwa kuangalia hilo na si ukubwa wa korosho peke yake. La tatu ni kupuliza kwa kipimo. Nimeona wapulizaji wakifungua koki kwa ukarimu kwa sababu unga umetolewa bila malipo, na nimeona wengine wakiendelea hadi saa nne asubuhi, wakati upepo umeshaamka na nusu ya unga haiugusi mti. Unga ambao haukuushika umande haukutibu kitu, umekwenda tu kuchachusha udongo na kukaa juu ya bati la jirani.

Kwa dawa ya maji, nadhani tuwatofautishe watu. Wewe wa juu ya uwanda huna maji. Lakini wenzetu wa mabondeni na wa pwani, wenye mito au visima vifupi, kwa nini nao wapuliziwe salfa kwa kiwango kilekile? Ugawaji wa pembejeo unaangalia orodha ya wakulima na idadi ya miti. Ungeweza kuangalia pia mahali palipo na maji. Hapo hata hivyo nina angalizo moja: dawa za maji za ukungu ni kemikali ambazo ugonjwa huweza kuzizoea zikitumika zenyewe mwaka hadi mwaka, na kuna wanaozichanganya na viuatilifu vya wadudu bila ya haja, wakaua nyuki na kuua majimoto, sisimizi wale wekundu wanaoshona majani na ambao hula mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza machipukizi yake. Tukihama kutoka kwenye unga kwenda kwenye maji bila usimamizi, tutakuwa tumeacha tatizo la udongo na kuokota la wadudu.

JIBU KUTOKA RUANGWA

Habari za jioni. Mimi ni mwalimu, na nina ekari tatu za mikorosho niliyorithi kwa mama. Niliposoma habari ya karanga zenye maganda matupu nilisimama, kwa sababu ndivyo ilivyo kwangu kwa misimu kadhaa. Naomba kuuliza: nitajuaje kama ni salfa na si ukame, au kivuli cha mikorosho, au mbegu? Na kama ni salfa, chokaa naipata wapi na naiweka kiasi gani?

MWANZISHA UZI

Mwalimu, swali lako ni zuri na jibu lake halipatikani kwa kutazama kwa macho. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka chini ya mikorosho sehemu kadhaa, uchanganye kwenye ndoo safi, utoe kiasi cha kujaza mfuko mdogo. Fanya vilevile katikati ya mistari. Kisha, na hapa ndipo watu wengi hukosea, chukua udongo wa mahali pa jirani ambapo haijawahi kupulizwa salfa, kama vile pembeni ya makaburi ya zamani au kichaka kilichoachwa, ilimradi udongo wake ni wa aina moja na wako. Pima uchachu wa mifuko yote mitatu. Kipimo cha uchachu, yaani pH, kikiwa kimeshuka chini ya mikorosho kuliko kichakani, salfa ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kumbuka kwamba kushuka kwa namba moja tu maana yake uchachu umezidi mara kumi. Maabara za utafiti wa kilimo hupima udongo, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuwasilisha.

Kiasi cha chokaa kisiamuliwe kwa kukisia, kwa sababu udongo wa mchanga ukizidishiwa chokaa nao hudhurika. Lakini anza na majaribio: chagua mistari miwili ya karanga, mmoja uupe chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda na mwingine usiupe, mbegu moja na palizi moja, kisha uhesabu maganda matupu ya kila mstari. Utakuwa umepata ushahidi wa shamba lako mwenyewe.

Na kuhusu inakopatikana, hili ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu. Chokaa tumeikalia. Pwani yetu ina mawe ya chokaa kutoka Mtwara hadi Kilwa, kiwanda kikubwa cha saruji kilijengwa karibu na mji wa Mtwara kwa sababu ya mawe hayo, na Kilwa kunachimbwa jasi, ambayo ingawa haizimi asidi inaupa udongo kalisi ileile ambayo karanga zako zinaililia. Salfa inavuka bahari kutufikia hadi vijiji vya ndani kabisa kwa wakati, kwa orodha, kwa ruzuku, chini ya ulinzi wa maghala. Jiwe la chokaa lililoko umbali wa saa chache kwa lori halina orodha, halina ghala, halina mgao. Mfumo wa kulifikisha upo tayari. Ni maghala yaleyale ya AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, na malori yaleyale yanayorudi matupu baada ya kushusha korosho bandarini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaruhusu kuwekwa viwango vya ubora wa udongo, na kanuni za viwango hivyo zilitolewa mwaka 2007. Viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA, na mazingira nayo yana chombo chake cha kitaifa. Kila msimu tunasomewa tani za salfa zilizogawiwa na tani za korosho zilizouzwa mnadani. Namba ya tatu, ya uchachu wa udongo kwa kila kata, haisomwi, na bila hiyo namba mbili za kwanza hazitwambii kama tunalima au tunachimba.

Kwa hiyo nina ombi kwa walioko mashambani, kutoka Nanyumbu hadi Liwale. Kabla ya mvua za Novemba hazijaanza, chukueni udongo kwa namna niliyomweleza Mwalimu, andikeni juu ya kila mfuko jina la kijiji, umri wa mikorosho, miaka ambayo shamba limepulizwa na idadi ya mifuko ya salfa kwa msimu wa kawaida. Wenye visima vya mvua waandike pia kama mikorosho iko upande ambao kusi inavumia kuelekea nyumbani. Wasio na uwezo wa kulipia kipimo waseme hapa, tujadiliane namna ya kukusanya mifuko ya kijiji kimoja na kuipeleka Naliendele kwa pamoja. Mifuko ya salfa yenyewe isitumike kubebea udongo huo, hata ikioshwa, kwa sababu mabaki yake yataharibu kipimo.